Siku 120 na Mke Aliyebaki Nyumbani

Hotuba iliyosomwa na karani wa mgodi mbele ya mkutano wa wanachama



Sisi makarani wa mgodi kazi yetu ni madaftari. Asubuhi twaandika nani ameingia kazini, nani mgonjwa, nani hakuonekana, jioni twajumlisha. Basi mtuwie radhi tukisema habari za vita kwa hesabu, maana ndiyo lugha tuliyoizoea. Tumeombwa tuzungumze juu ya Vita Kuu ya Pili, na bila shaka wengi wenu mnangoja tutaje mapigano ya Saio kule Uhabeshi, mwaka 1941, ambako askari wetu wa Force Publique waliwashinda Waitalia. Hizo ni habari za heshima na mnazijua. Sisi twataka kuwapeleka mahali ambapo haikupigwa bunduki hata moja: jikoni, katika kijiji cha msituni karibu na Yangambi, kwa mke kijana mwenye mimba yake ya kwanza. Jina lake hatulitaji, maana walikuwa wengi. Baadhi yetu humu ni wajukuu wao.

Yangambi iko ukingoni mwa mto Kongo, kadiri ya kilomita 100 chini ya Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville wakati ule. Mwezi Desemba mwaka 1933 serikali ya Wabelgiji ilifanya mambo mawili yaliyokuja kukutana hapo. Iliunda INEAC, shirika la utafiti wa kilimo, ambalo kituo chake kikubwa kikawa Yangambi. Na ilitoa amri iliyosema kila mwanamume mzima mwenye afya kijijini aweza kutakiwa kufanya kazi ya lazima siku 60 kwa mwaka. Kazi hiyo waliipa jina la kupendeza, kazi za mafundisho. Aliyekataa mafundisho alipelekwa gerezani.

Mwezi Mei mwaka 1940 Ubelgiji yenyewe ikatekwa na Wajerumani, lakini Kongo ikabaki vitani upande wa Waingereza. Kisha Februari 1942 Wajapani wakaingia Singapore, na mpira wa Malaya ukapotea kwa wakubwa wa vita. Magurudumu ya magari na ya ndege yatapata wapi mpira? Mwezi Machi mwaka ule ule siku 60 zikafanywa 120, na watu wa misituni wakarudishwa kukata mimea itambaayo juu ya miti, kutafuta utomvu.

Hebu tufikiri maana ya neno hilo, “wakarudishwa”. Mwanamke aliyekuwa na miaka 50 katika mwaka 1942 alizaliwa zamani za mfalme Leopold. Katika nchi za mpira za siku zile wanawake walikamatwa na kufungwa nyumbani mwa kapita mpaka waume zao walete vikapu vilivyojaa. Mama mkwe wa mke wetu yule alikuwa na umri huo. Alipolisikia neno mpira likitajwa tena mbele ya nyumba ya mkubwa wa kijiji, hakuhitaji kuelezwa na mtu.

Sasa hesabu. Mimba ni miezi tisa, yaani siku 270 na kidogo. Tukitoa 120, zabaki 150. Twakiri kwamba siku zile 120 hazikuwa zote za mbali: nyingine zilikuwa za barabara, nyingine za shamba la pamba au la mpunga lililoamriwa. Lakini mpira wa msituni hauchumwi kwa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mume huondoka na panga lake, hulala huko, na mimea ya karibu ikiisha huenda mbali zaidi.

Nyumbani kumebaki nini? Katika desturi ya msituni mwanamume ndiye hukata miti mikubwa wakati wa jua, huichoma, na mwanamke hufuata na kupanda muhogo na migomba katika majivu. Mwanamume asipokuwapo majira hayo, mke atapanda wapi? Hulirudia shamba la mwaka jana, lililochoka na kujaa magugu. Muhogo hutoka mdogo. Hapo utaona kwamba njaa ya kijiji haikuanza siku chungu kilipokuwa kitupu. Ilianza mwaka mzima kabla, siku kapita aliposoma majina. Nyama nayo hakuna, kwa sababu mtegaji yumo msituni akitega utomvu.

Kwa hiyo mke yule huamka kungali giza. Muhogo aliouroweka mtoni siku tatu au nne lazima autoe, aubebe mgongoni, auponde, aufunge katika majani, auchemshe. Majani ya sombe ni kutwanga, na mchi haujui kwamba mtwangaji ana mimba ya miezi saba. Siku ya soko hushuka mpaka ukingoni, kwani watu wa mtoni, Walokele, huleta samaki na kutaka muhogo na ndizi. Hapo zamani alikwenda na kikapu kizima akarudi na samaki wa siku kadhaa. Sasa kikapu ni nusu. Kitambaa cha duka kimekuwa haba na ghali, maana meli zimekuwa za vita. Cha kumfunikia mtoto atakayezaliwa kitatoka wapi? Hupasua kanga kuukuu ya mama yake.

Na pamba ile ya amri, ndugu zangu, nani aliyeipalilia? Kitabu kilisema ni kazi ya mwanamume mzima mwenye afya. Kwa Kifaransa walifupisha herufi tatu tu, HAV, na kijiji kilihesabiwa hivyo: HAV kadhaa, kilo kadhaa. Mume akiwa kwenye mpira, shamba la pamba halikungoja. Mke aliinama akapalilia, tumbo likigusa magoti, na jioni kazi ile ikaandikwa chini ya jina la mumewe. Sisi makarani twaijua hila hiyo. Daftari lenye safu moja haliwezi kuandika watu wawili.

Tena palikuwa na daftari jingine hapo hapo Yangambi. Mwaka 1941, vita ikiwa kali, wataalamu wawili wa INEAC, Beirnaert na Vanderweyen, walichapisha uvumbuzi wao juu ya michikichi: kwamba mti wenye kokwa ya ganda nene ukizalishwa na ule usio na ganda, watoto huwa wa ganda jembamba, wenye mafuta mengi. Michikichi mingi inayopandwa duniani hata leo ni ya namna hiyo. Ni kazi ya kusifiwa, nasi hatuna neno nayo. Lakini kuijua kulitaka kuandika kila mti umezaliwa na mama gani na baba gani. Twasema tu kwamba hodari wa kuandika walikuwapo pale, na karatasi ilikuwapo.

Mtauliza, je, migodini kulikuwa afadhali? Katika Katanga, tangu miaka ya 1920, Union Minière iliona faida ya mfanyakazi kukaa kambini na mkewe. Mke alipewa posho, mja mzito alitazamwa na wauguzi, mtoto alipimwa uzito. Haukuwa upendo mtupu; yule mtoto alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kesho. Hata hivyo aliandikwa.

Neno hili si la zamani tu. Mwezi Juni mwaka 2000, kuanzia tarehe 5 mpaka 10, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, na raia kwa mamia waliuawa. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ya kimataifa ya The Hague iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Aliyeuawa ana safu yake, nyumba iliyobomoka ina safu yake. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu siku ya tatu ya mabomu, asiweze kufika hospitali, ataandikwa wapi? Wenye kalamu humu twaomba wasiondoke bila kulijibu swali hilo.

Turudi kwa mke wetu wa Yangambi, maana siku zake zimefika. Yuko kwa mama mkwe, mkunga ameitwa. Walokele na jirani zao walikuwa na ngoma ya gogo iliyosema maneno kamili, na kuzaliwa kwa mtoto kulikuwa habari ya kupigwa. Basi ikapigwa, na kijiji cha pili kikaipokea na kuipeleka mbele. Mume, kama kambi yake haikuwa mbali mno, aliisikia huko huko chini ya miti, panga mkononi. Alijua amepata mtoto. Lakini hakuweza kuondoka, kwa kuwa siku zake zilikuwa bado kutimia.