Mpango wa Kusoma Fizikia Chuoni



Wengi wetu twajinyima ili kuwalipia watoto ada ya chuo. Basi si vema miaka ile ipotee kwa kukosa mpango.

Fizikia haisomwi kwa kurukaruka. Mekanika hutangulia, pamoja na hesabu za kalkulasi; maana asiyezijua hawezi kufuata kanuni za umeme na sumaku alizozitangaza Maxwell mwaka 1865. Hizo zikiisha kukaa moyoni, ndipo mwanafunzi aingie mambo ya atomu na kwanta.

Wala asiidharau maabara. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Tanganyika, aliona maziwa ya moto yakiganda upesi kuliko yaliyopoa. Alichekwa, lakini hakunyamaza. Baadaye alimwuliza Dr. Osborne wa chuo cha Dar es Salaam, naye akataka jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 makala yao ilipigwa chapa, na wataalamu wangali wakibishana juu yake.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kabla hujalipa ada itazame orodha ya masomo: hesabu mwanzoni, na maabara kila mwaka. Isiyo na haya mawili, uulize sababu.