LIKIZO NI DARASA LA MOYO
Maneno ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi tukiwa bado tumeshikana. Habari za hisa, mikopo na marejesho atazisoma mweka hazina. Sisi tumeomba dakika chache tuzungumzie akiba isiyoingia kwenye sanduku la kufuli tatu, nayo ni moyo wa mtoto wakati wa likizo.

Sote tunazijua likizo za Juni na Disemba. Shule inafungwa, biashara haifungwi. Mama lishe wa karibu na Muhimbili anaamka saa kumi alfajiri kama kawaida, mwenye meza Kariakoo naye vivyo hivyo. Mtoto anabaki na ufunguo na televisheni. Jioni mama anarudi kachoka, mtoto kanuna, na neno la kwanza ni ugomvi.

Mwaka 2020 ndio uliotufumbua macho. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya Korona, zikafunguliwa mwishoni mwa Juni. Zaidi ya miezi mitatu, jamani! Wapo watoto waliorudia kukojoa kitandani, wapo waliokuwa wakali kama pilipili, wengine kimya tu. Ukimwuliza "una nini?" anajibu "sijui". Na kweli hajui. Mtoto anafundishwa majina ya mito na mikoa, lakini jina la kile kinachomkaba kooni hajafundishwa.

Ndipo tukaanza jambo dogo tunaloliita hesabu ya jioni. Kabla ya kula, kila aliyemo nyumbani anataja neno moja: leo nilikuwa na hasira, au woga, au wivu, au aibu, au furaha. Halafu anaeleza kwa nini. Hakuna kucheka, hakuna kugombeza, na maneno ya pale hayapelekwi kwa jirani. Mama naye anataja lake. Kikundini hatukopeshani kabla ya kuhesabu fedha iliyopo. Na moyo ni vivyo hivyo, huwezi kuutawala hujajua umebeba nini.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Mwenyezi Mungu awarehemu. Likizo ya Disemba ilipofika, mtoto wa mwenzetu mmoja, mvulana wa miaka tisa, akawa anang'ang'ania gauni la mama yake kila asubuhi. Watu wakasema kadeka huyo, apigwe. Kwenye hesabu ya jioni akatoa neno lake: "Woga. Kifusi kitakufunika na wewe."

Mama hakumwambia kwamba wanaume hawalii. Alimwambia, "Hata mimi naogopa, mwanangu, lakini tunakula kwa meza ile." Wakapatana kwamba kila siku adhana ya adhuhuri ikilia, mama atapiga simu kwa jirani wa chini aongee naye. Akamfundisha pia kwamba woga ukimjia avute pumzi taratibu, aitoe taratibu zaidi, maana pumzi ikitulia na mapigo ya moyo yanatulia. Wiki ya kwanza mtoto alisimama mlangoni akingoja simu. Wiki ya tatu simu ililia, yeye yuko uani anacheza kombolela, hana habari!

Tusiwasahau wanaomaliza darasa la saba. Mtihani ni Septemba, kidato cha kwanza ni Januari. Hiyo ni likizo ndefu, tena inamkuta mtoto wakati mwili wake unabadilika. Asipojitambua mwenyewe, atatokea wa kumtambua barabarani, na chipsi mkononi. Binti anayejua kusema "hapa moyo wangu hautulii, naondoka" ana ngao. Tumfundishe pia namba 116, simu ya watoto, apige akiwa na shida ambayo kwetu anaona aibu kuisema.

Na huzuni ikipita wiki mbili, mtoto hali wala halali vizuri, tusingoje wala tusikimbilie kusema karogwa. Muhimbili hapo jirani kuna idara ya afya ya akili. Kwenda kule si lazima mtu awe kichaa.

Sisi wakubwa nasi tumo. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, tuliwakalia wenzetu waliopoteza mali, tukalia nao kwanza, habari ya mtaji ikafuata baadaye. Aliyelizwa vizuri alipanga vizuri.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, tunaleta ombi kwenu leo. Mfuko wa jamii utenge fungu kila likizo ya Juni na Disemba. Kila siku ya kazi akina mama wawili kwa zamu wabaki na watoto wa wanachama, wafidiwe riziki yao ya siku hiyo. Watoto wacheze bao na rede, wapewe kazi ndogo za kumaliza wenyewe, na kabla ya kuondoka wafanye hesabu yao. Wageni wetu mlio na ukumbi au uwanja, tunawapigia hodi.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Miaka kumi tumeweka shilingi. Kumi ijayo tuweke na hii.