Mizani ya Mwili: Mazoezi ya Kuwakinga Wazee na Kuanguka
Mada kwa wakazi wa kata

 

Katika nyumba nyingi, mzee akianguka uani husemwa kwamba miguu imechoka. Huinuliwa, huchuliwa kwa mafuta, na habari huishia hapo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaoathirika zaidi. Kwa familia, anguko moja linalovunja nyonga laweza kumlaza mzee kitandani kwa miezi, likamwondoa binti shambani ili amuuguze, na likamaliza akiba iliyowekwa kwa ajili ya ada ya shule.

Kusimama wima ni kazi ya mwili mzima. Macho huonesha njia ilivyo. Sikio la ndani huhisi kichwa kinapoinama au kugeuka. Nyayo na viungo vya miguu huhisi kama ardhi ni tambarare, ya mteremko au yenye utelezi. Ubongo hupokea habari hizo zote na kuiamuru misuli ya miguu na kiuno irekebishe mkao kabla mtu hajapepesuka. Mtoto wa jicho hupunguza habari za macho. Kisukari cha muda mrefu huweza kuzitia nyayo ganzi. Misuli isiyotumika husinyaa. Mzee aliyepungukiwa na mawili kati ya hayo huanguka mahali ambapo kijana angejikwaa tu na kuendelea na safari.

Iko sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni huruma. Mzee akishaanguka mara moja, wanawe humkataza kuchota maji, kufagia, hata kwenda kwa jirani. Yeye mwenyewe huingiwa na hofu, akabaki kitini kutwa. Kadiri anavyokaa ndivyo mapaja yanavyopoteza nguvu, na kadiri nguvu zinavyopotea ndivyo anguko la pili linavyokaribia. Kumheshimu mzee si kumnyima mwendo. Ni kumwekea mwendo ulio salama.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mizani ya mwili hufundishika, hata katika umri mkubwa. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Otago nchini New Zealand waliandaa mazoezi ya nyumbani ya kuimarisha miguu na mizani. Mzee hufundishwa na mtaalamu, kisha huendelea mwenyewe kwa takribani nusu saa, mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea. Walioyafuata walipunguza kuanguka kwa takribani theluthi moja. Aidha, mapitio ya tafiti 108 yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionesha kuwa mazoezi hupunguza idadi ya maanguko ya wazee waishio majumbani kwa asilimia 23.

Mazoezi hayo hayahitaji mashine. Kinachohitajika ni kiti imara kilichoegemezwa ukutani, meza nzito au kizingiti cha dirisha cha kushika, na mtu mzima wa kusimama karibu.

La kwanza ni kuinuka kitini. Mzee huketi mbele kidogo ya kiti, huweka nyayo sakafuni, huinama mbele na kusimama, kisha huketi polepole bila kujibwaga. Akiweza, arudie mara kumi.

La pili ni kuinua visigino. Akiwa ameshika meza, husimama juu ya vidole, hushuka taratibu, kisha huinua vidole na kubaki juu ya visigino.

La tatu ni kusimama kwa hatua. Huanza kwa nyayo zilizokaribiana, halafu mguu mmoja ukiwa mbele kidogo, na mwisho mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Kila mkao hudumu sekunde 10. Mzee asiyeweza kudumu sekunde 10 katika mkao huu wa mwisho yumo katika hatari zaidi ya kuanguka, na inafaa amwone mtaalamu.

La nne ni kutembea kiubavu kando ya ukuta, hatua kumi kwenda na kumi kurudi.

Mtu huanza kwa kushika kwa mikono miwili, halafu mmoja, halafu vidole tu. Asiharakishe kuachia. Zoezi lisilomyumbisha hata kidogo halimfundishi kitu, na lile linalomtisha ni mapema mno kwake. Asifanye akiwa amevaa kandambili, wala akiwa na kizunguzungu au maumivu ya kifua. Haba na haba hujaza kibaba: faida huonekana baada ya majuma kadhaa, nayo hupotea mazoezi yakiachwa.

Nyumba nayo isaidie. Njia ya kwenda chooni iwe na mwanga usiku, mkeka uliokunjika pembe uondolewe, na nguzo au ubao wa kushika uwekwe imara chooni. Mwenye fimbo aishike kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu dhaifu, na ncha yake iwe na mpira.

Zipo dalili zinazotaka uchunguzi kabla ya mazoezi. Kizunguzungu cha ghafla mtu anapogeuka kitandani mara nyingi hutokana na chembe ndogo zilizohama ndani ya sikio, na mtaalamu huweza kukitibu kwa kukigeuza kichwa kwa mpangilio maalumu. Kuona giza wakati wa kuinuka huenda kukatokana na dawa za shinikizo la damu. Mgonjwa asiziache kwa hiari yake, bali amweleze mganga. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito ni dharura ya kuwahishwa hospitali.

Akianguka mzee, asivutwe kwa mikono. Aulizwe kwanza panapouma. Kama hawezi kukanyaga au mguu umepinda, asisimamishwe, apelekwe hospitali. Kama hana maumivu makali, ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti na kuinuka kwa mguu wenye nguvu.

Mlango wa huduma hii ni zahanati iliyo karibu. Mzee aliyeanguka hata mara moja katika mwaka aende akaeleze, akiwa na dawa zake zote na kitambulisho chake cha matibabu kama anacho, na aombe rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Asingoje mfupa uvunjike: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nao wajukuu wanaweza kuanza leo jioni kwa kuegemeza kiti ukutani na kumhesabia bibi au babu mara kumi za kuinuka.