Breki za Gari Langu na Mteremko wa Mgeta

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoombwa kusema machache, wenzangu walitazamia nizungumze juu ya kazi yangu ya ofisini. Kazi hiyo haina la kusimulia. Nitasema juu ya breki za gari, na juu ya aibu niliyoipata mimi, niliyefaulu fizikia katika shule hii, mbele ya mjomba wangu ambaye hakumaliza darasa la nne.

Wenyeji wa Morogoro mnaijua njia ya Mgeta. Unaacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, unapita Mlali, kisha unaanza kuipanda milima ya Uluguru kona baada ya kona mpaka Langali na Nyandira. Kabichi, karoti na njegere tunazonunua mjini hushuka kwa njia hiyo. Kupanda huchosha injini. Kushuka ndiko kunakoua.

Siku hiyo nilikuwa namteremsha mjomba kutoka Nyandira kwenda mjini kutibiwa macho. Asiye Mluguru aelewe kwamba kwetu ukoo huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo mjomba si abiria tu, ni mkubwa wangu. Nyuma walikaa mke wangu na watoto wawili, na nyuma yao viazi. Breki zilikuwa zimelia kwa majuma mawili. Nilikuwa nimezipeleka gereji moja, nikalipia pedi mpya, kelele ikakoma, nikaridhika. Baadaye niligundua kuwa pedi hazikubadilishwa. Zilipigwa msasa zikarudishwa.

Katikati ya mteremko pedali ikawa laini. Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani, na mimi nikazidi kukanyaga. Mjomba, ambaye ujanani alikuwa utingo wa malori ya mboga, alikuwa amefumba macho. Akasema bila kuyafumbua, "Mpwa wangu, tia gia namba mbili, uiache humo humo." Nikatia namba mbili, kisha moja. Injini ikanguruma, mwendo ukapungua, tukasimama penye tambarare. Akashuka akipapasa, akaokota jiwe, akaliweka mbele ya gurudumu. Ndipo akaniuliza, "Shuleni walikufundisha nini?"

Ndugu zangu, nilifundishwa! Tuseme gari na mizigo yake ni kilo 1,500, nalo limeshuka mita 1,000. Kijana wa Kidato cha Pili atakuambia kuwa hizo ni jouli milioni 15. Nishati haipotei, hugeuka joto, na joto hilo lingetosha kuchemsha maji ya kawaida zaidi ya lita 40. Anayeshuka kwa breki peke yake anamwaga karibu joto lote hilo katika vyuma vichache vya ukubwa wa sahani ya wali. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita. Yakipata moto sana maji yaliyomo huchemka yakawa mvuke, na mvuke ukikandamizwa husinyaa, wala hausukumi kitu. Sheria ya Pascal niliweza kuitamka kwa Kiingereza bila kukosea neno. Lakini miguuni pangu ilikuwa ikivunjika nami sikuitambua.

Tulingoja breki zipoe, tukashuka kwa gia namba moja mwendo wa kinyonga. Mjomba alipasuliwa mtoto wa jicho, akaja kupumzika kwangu Kihonda. Nami nikaapa kwamba breki hizo nitazifunga kwa mikono yangu.

Nilinunua pedi za mbele na diski mbili, kwa sababu breki hubadilishwa pande zote mbili pamoja; ukibadilisha upande mmoja gari litavuta. Diski hupigwa muhuri wa unene wa mwisho unaoruhusiwa, na zangu zilikuwa zimepita hapo, tena zimechimbwa mifereji kama shamba la matuta. Pedi zikibaki milimita 3 zibadilishwe. Za upande wa kushoto zilikuwa zimebaki bati tupu.

Mjomba aliketi kwenye kigoda, jicho moja limefungwa bandeji, na kwa hilo jingine akanisimamia. Nililegeza nati gurudumu likiwa bado chini, maana likiwa hewani litazunguka nawe. Nikaweka mawe magurudumu ya nyuma, nikapiga jeki, nikaegemeza gari juu ya stendi. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Hilo silifanyii mzaha. Vumbi la pedi nililifuta kwa kitambaa chenye maji, sikulipuliza, kwa kuwa halifai kuvutwa kifuani.

Nikafungua kalipa, nikaiacha ining'inie kwa mpira wake. "Unamnyonga!" mjomba akapiga kelele. Mpira ule ndio unaopitisha mafuta, ukiumia breki imekwenda. Nikaifunga kwa waya kwenye springi. Diski ikagoma kutoka. Nikaipiga nyundo mpaka majirani wakatoka nje. Mjomba akaniita, akaniambia nitazame vizuri uso wa diski. Palikuwa na matundu mawili madogo yenye meno. Unafunga bolti mbili humo, zamu kwa zamu, nazo huisukuma diski itoke. Mtengenezaji aliyaweka kwa kazi hiyo hasa, nami nilikuwa nimeyapiga nyundo nusu saa.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, nikaziosha zikakauka. Pistoni niliirudisha ndani taratibu kwa klampu ya seremala, pedi ya zamani ikiwa katikati, huku nikichungulia chupa ya mafuta ya breki isifurike. Pini nikazipaka grisi, pedi sikuzigusa kwa grisi. Nati za gurudumu nikazikaza kwa mkato, si kwa kuzunguka. Fundi angemaliza kwa saa moja na nusu. Mimi nilianza saa tatu asubuhi, nikamaliza saa kumi jioni.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mke wangu hakutaka nilisimulie. Kwa furaha niliwasha gari, nikarudi nyuma nitoke uani, nikakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini, hakuna kitu. Nilivuta handibreki, ambayo hushika magurudumu ya nyuma kwa waya wake yenyewe, gari likasimama likigusa banda la kuku la jirani. Mwanangu mdogo alikuwa amesimama pale pale dakika moja kabla. Ukishazirudisha pistoni ndani, pedi zinakaa mbali na diski. Yakupasa kukanyaga pedali mara nyingi, injini ikiwa imezimwa, mpaka iwe ngumu, ndipo ufikirie kuondoka. Nilisahau. Mjomba hakusema neno. Alinitazama kwa lile jicho moja, na usiku ule sikulala.

Mafuta ya zamani na kutoa upepo sikufanya mwenyewe. Nilimwita fundi mwingine, nikasimama karibu naye hadi mwisho, safari hii nikiuliza. Kisha nikazizoeza pedi katika njia tulivu za Kihonda, nikipunguza mwendo pole pole mara nyingi bila kusimama ghafla. Mwisho wa mwezi nilimrudisha mjomba Nyandira. Aliposhuka aligusa rimu ya mbele kwa kiganja, akaona haina moto, akaingia ndani kunywa uji.

Gari hilo nimekuja nalo. Liko pale chini ya mwembe, na jeki, stendi na spana zimo. Baada ya chai nitafungua gurudumu la mbele la kushoto, Mwalimu wa Fizikia ameniruhusu. Wanafunzi wanaotaka kushika spana waje na nguo za kazi. Wenzangu wa zamani mnaweza kuja na viti.