Nyungu, Tangawizi na Kinga ya Mwili



Nenda Kariakoo leo uulizie dawa ya miti shamba ya mafua. Utaonyeshwa chupa ya tangawizi na kitunguu saumu, unga wa mlonge, pengine majani makavu ya mwarobaini, na vyote vitasifiwa kwa sifa moja: vinaongeza kinga ya mwili. Jioni hii nimekuja kuibishia sifa hiyo. Tangawizi yenyewe sina ugomvi nayo. Ninachodai ni kwamba dawa zetu nyingi za mafua, pale zinapofaa, hufanya karibu kinyume cha hayo. Huipoza kinga.

Influenza, ile homa inayomlaza mtu wiki nzima, tusiichanganye na mafua ya kawaida ya kupenga kamasi. Kirusi chake cha binadamu kilitengwa London mwaka 1933 na Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, waliotumia wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Mwaka 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walikuwa wakikichunguza kirusi cha influenza katika utando wa yai la kuku, wakagundua kwamba seli zilizoguswa na kirusi hutoa kitu kinachozikinga seli nyingine. Wakakiita interferoni. Miaka ya baadaye kitu hicho kikawa dawa ya sindano ya homa ya ini. Na hapa naomba mnisikilize vizuri: wagonjwa waliochomwa sindano hiyo walitetemeka kwa baridi, wakapata homa, vichwa vikawagonga na viungo vikawauma, wala hawakuwa na kirusi cha influenza hata kimoja.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mateso ya influenza ni kazi ya mwili wenyewe ukijihami. Mwaka 1918 ugonjwa huu uliingia Mombasa kwa njia ya bandari ukasambaa bara. Duniani inakadiriwa uliua watu wapatao milioni 50, na karibu nusu yao walikuwa vijana wa miaka 20 hadi 40, watu wenye kinga imara kuliko wazee wao. Bakteria wa kichomi walichangia sana vifo hivyo, lakini mapafu yaliumizwa pia na ulinzi uliopitiliza, kama sungusungu wanaochoma nyumba ili wamtoe mwizi. Mgonjwa wa namna hiyo ukimwongezea kinga, umemsaidia nini?

Tuje kwenye nyungu. Korona ilipofika mwaka 2020, Watanzania tulirudi kwa wingi kwenye kujifukiza: majani ya mkaratusi, mchaichai, malimau, shuka juu ya kichwa. Wasomi wengine walicheka. Mimi sioni cha kuchekesha, ila naomba tuseme kweli nyungu inafanya nini. Mwaka 1983 watafiti walipima hewa inayopita puani mwa watu waliovuta harufu ya mkaratusi, kafuri na mentholi. Njia ya pua haikupanuka, lakini watu wenyewe walihisi hewa inapita vizuri zaidi, kwa kuwa harufu hizo huamsha mishipa ya fahamu inayohisi ubaridi. Kirusi hakiguswi na kinga haipandi, ila mgonjwa anapata usingizi. Mtu ambaye hajalala siku tatu hawezi kuudharau usingizi huo. Mtoto mdogo, hata hivyo, asiinamishwe juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Watoto wameungua hivyo.

Tangawizi nayo, maabarani, hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea maumivu na homa. Hiyo ni kazi ya kutuliza, ndugu zangu, na inastahili kuuzwa kwa jina hilo.

Kitunguu saumu kimepimwa kwa watu. Uingereza, watu 146 waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12. Waliomeza vidonge vya kitunguu waliripoti mafua mara 24, waliomeza vidonge vitupu mara 65. Matokeo yanavutia, lakini yalihusu mafua ya kawaida, waliojaza daftari ni washiriki wenyewe, na utafiti mmoja hautoshi. Mwaka 2002 ikachapishwa habari nyingine: vidonge vya kitunguu vilipunguza kwa karibu nusu kiasi cha saquinavir, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, katika damu ya waliovitumia. Dawa hiyo haitumiki sana siku hizi, ila funzo lake linawahusu wote wanaomeza vidonge kila siku na kuchanganya na mitishamba bila kumwambia daktari.

Afrika Kusini wametutangulia kwa mfano mmoja, mtamu na mchungu. Mizizi ya ua liitwalo Pelargonium sidoides ilikuwa dawa ya kifua ya wenyeji. Mwingereza mwenye kifua kikuu, Charles Stevens, alitibiwa nayo baada ya kufika huko mwaka 1897, akarudi kwao kuiuza. Leo ni dawa ya kikohozi katika maduka ya Ujerumani, imepimwa kwa wagonjwa wa mkamba, na maabarani imeonekana kuzuia baadhi ya nyenzo ambazo kirusi cha influenza hutumia kuingia na kutoka kwenye seli. Hataza ya kampuni inayoitengeneza, juu ya namna ya kuikamua, ilifutwa na Ofisi ya Hataza ya Ulaya mwaka 2010, baada ya jamii ya Alice, Rasi ya Mashariki, kuipinga. Anayepima ndiye anayeandika hataza, na sisi bado hatupimi vya kutosha.

Basi tupime. Nawapa wanafunzi wa uzamili swali hili. Wachukueni wagonjwa waliothibitishwa kwa kipimo kuwa na influenza, nusu yao wanywe tangawizi, nusu kinywaji kingine, kisha hesabuni siku za homa na pimeni interferoni katika damu. Kinywaji cha pili nacho kiwe cha moto, kwa sababu umoto peke yake hutuliza koo, na kiwashe ulimi kidogo ili mgonjwa asijue amepewa kipi. Kupata kiungo kinachowasha bila kuwa dawa ndiyo kazi ngumu. Pilipili msiniletee, nayo ina mambo yake.