HAKI HUANZA NYUMBANI
Mazungumzo na wazazi wa Mvumi, Kilosa



Wahenga walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi wangu hawakutuhubiria sana juu ya uaminifu; walitufunza kwa debe. Mama alipouza mahindi, alilijaza debe mbele ya mnunuzi, akalitikisa, kisha akalisawazisha juu. Baba naye alikataa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba. Alisema kwamba anayezoea kuibiwa hujifunza kuiba. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, lakini wakulima wengi bado wanalipwa bei ya gunia moja hali wametoa zaidi.

Somo la pili lilihusu ushahidi wa kweli. Mbuzi wetu walipokula mahindi ya jirani, Baba alikwenda kusema mwenyewe kabla hajaulizwa. Jirani naye alitaja hasara iliyokuwapo, wala hakuongeza.

Jambo hilo laonekana dogo, lakini lina uzito katika wilaya yetu ya wakulima na wafugaji. Mwezi Desemba mwaka 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa pande hizo mbili. Ugomvi wa namna hiyo hautokani na uhaba wa malisho, maji na ardhi peke yake. Hukuzwa pia na uongo: mfugaji anayekana ng'ombe wake, mkulima anayezidisha hasara, na kiongozi anayeuza uamuzi kwa hongo. Mnyonge akikosa haki barazani, huitafuta kwa panga.

Basi, watoto wetu wanaona nini kwetu? Tukimtuma mtoto amwambie mdai kwamba hatupo, tumemfunza uongo. Tukitoa "chai" ofisini mbele yake, tumemwonyesha kwamba haki hununuliwa. Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza vipimo na kuwapunja maskini. Leo angetukemea sisi pia.

Wengi wetu hatuna mali ya kuwarithisha watoto. Lakini hata maskini aweza kuwaachia jina ambalo, likitajwa barazani, watu husema: huyo hasemi uongo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:
1. Ni uongo gani tumeuzoea nyumbani mwetu?
2. Tufanye nini pamoja ili kukomesha lumbesa kijijini?
3. Mifugo ikiharibu shamba, nani athamini hasara, na kwa ushahidi gani?