Kabla ya Kushika Chupa: Macho Mekundu na Viuavijasumu Kwenye Kaunta Zetu



Januari 2024, Wizara ya Afya ya Tanzania ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu, wateja walikuwa wameshatufikia sisi wauzaji wa maduka ya dawa muhimu. Mwezi uliofuata macho hayo yakawa gumzo hadi Mombasa, Kenya. Tangazo lilieleza kwamba chanzo ni kirusi. Hata hivyo kila aliyesimama kaunta aliomba "dawa ya matone", nasi tukampa kloramfenikoli, ambayo ni kiuavijasumu. Nami nilitoa, nakiri.

Kiuavijasumu huua bakteria, kirusi hakiguswi. Macho mekundu ya kirusi huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja hadi tatu. Mteja akipona siku ya nane huisifu chupa, na jirani yake akiugua huijia kwa jina. Hivyo ndivyo dawa isiyofanya kazi inavyojijengea heshima. Mlipuko kama huu si wa kwanza Afrika: mwaka 1969 macho mekundu yalienea Ghana, watu wakayaita Apollo, kwa kuwa ndio mwaka Apollo 11 ilipotua mwezini. Nayo yalikuwa ya kirusi.

Basi tumtazame mgonjwa kwanza. Akiwa na machozi majimaji, macho yanawasha, jicho moja lilianza na la pili likafuata, na nyumbani kuna mafua au wengine wanaumwa vilevile, hapo kirusi ndicho cha kudhaniwa. Mshauri akande kwa kitambaa safi chenye maji baridi, anawe mikono kwa sabuni, asichangie taulo wala mto. Akiamka kope zimegandana kwa matongotongo mazito ya njano au kijani, na usaha unarudi kila ukifutwa, bakteria wanadhaniwa zaidi. Hapo kloramfenikoli au mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 yana nafasi yake, ingawa hata hao bakteria mara nyingi huisha wenyewe. Dawa hupunguza siku tu. Mipaka haiko wazi kila mara, ndiyo maana nasema "kudhaniwa".

Chupa nayo ni njia ya maambukizi. Mama hununua moja, akawadondoshea watoto wanne, ncha ikigusa kope za kila mmoja. Chupa moja, mgonjwa mmoja. Na ikishafunguliwa isizidi siku 28. Maziwa ya mama, mkojo na chai ya rangi visiingie jichoni kabisa.

Ninachokiogopa zaidi ni matone yaliyochanganywa na steroidi, kama deksamethasone. Wekundu hufifia upesi, mteja akafurahi. Lakini kama jichoni kuna kirusi cha hapesi, steroidi hukipa nafasi ya kula kioo cha jicho, na kovu likibaki mtu hupofuka. Matone hayo tusiyatoe bila daktari wa macho kuliona jicho hilo.

Maumivu makali, uoni kufifia, kuumizwa na mwanga, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, jicho lililochomwa na kitu, au mvaaji wa lenzi: hao wote ni wa hospitali. Trakoma nayo, inayosababishwa na bakteria, hutibiwa kwa azithromaisini, au kwa mafuta ya tetrasaiklini yanayopakwa kwa wiki sita, si kwa siku tano za kubahatisha.

Nimewaacha vichanga mwisho kwa makusudi. Mtoto wa chini ya siku 28 anayetoka usaha machoni huenda ameambukizwa kisonono au klamidia wakati wa kuzaliwa. Kisonono huweza kutoboa kioo cha jicho kwa muda mfupi sana, na matone peke yake hayakitibu; huhitaji sindano, na wazazi wote wawili watibiwe. Mama huyo akifika kaunta na kichanga chake mgongoni, nawaomba tusimuuzie chochote. Tumwelekeze hospitali saa ileile, na ikibidi tumsaidie nauli.